Koito Isiyo na Watu

Shangazi wa bibi harusi aliisogeza simu karibu na miwani, akaitenga mbali, akairudisha tena. "Kijana, siku ile ya koito kulikuwa na ukungu?"

Hakukuwa na ukungu. Ilikuwa sherehe ya uchumba, saa saba mchana Silibwet, jua limesimama wima juu ya mashamba ya chai, maziwa ya mursik yameshaonjwa, na familia mbili zimetoka sebuleni kupigwa picha ya pamoja. Picha zilikuja nyeupe pe. Hamna bwana, hamna bibi, hamna hata ndama aliyejipitisha nyuma yao. Mpiga picha, ambaye asubuhi alitangaza kwamba ameachana na otomatiki na sasa anapiga kwa M kama mafundi wa Nairobi, alijibu kuwa huenda simu ya shangazi ina hitilafu.

Hitilafu ilikuwa ya hesabu. Kwenye M, yaani kuweka vipimo mwenyewe kwa mkono, kamera inakuachia mambo matatu: tundu la lenzi, muda shata inaokaa wazi, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga. Sebuleni, mapazia yameshushwa, aliweka f/2.8, sehemu ya 1/60 ya sekunde na ISO 3200. Safi kabisa, ila alitoka nje bila kuvibadilisha. Jua la mchana linataka kama f/16, 1/125 na ISO 100. Wapiga picha wa enzi ya filamu waliijua kanuni hiyo kwa moyo, bila kipima mwanga. Kutoka f/2.8 kwenda f/4, kisha f/5.6, kila hatua hukata mwanga nusu. Namba ikipanda tundu linapungua, maana namba hiyo hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu: lenzi ya milimita 50 kwenye f/2 ina tundu la milimita 25, kwenye f/16 ni milimita tatu na ushei. (Aliyebuni mpango huu hakuwafikiria waliokimbia somo la hesabu.) Sasa jumlisha hatua tano za tundu, tano za ISO na moja ya shata. Wakwe walipigwa kwa mwangaza mara 2,000 na zaidi ya ule uliotakiwa.

Wala jicho halikumwonya. Kwenye kamera yenye kioo ndani, ukichungulia unaona watu kama walivyo, hata kama umeweka vipimo vya kuwaunguza. Skrini ya nyuma nayo, juani, haionyeshi kitu isipokuwa pua yako.

Angebaki otomatiki basi? Hapo ndipo kicheko kinapoisha. Kipima mwanga hudhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya anga jeupe, kitatii anga na kumzamisha mtu. Filamu za rangi zilikuwa na dhambi yao: kwa miongo mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa "Shirley", zenye picha ya mwanamke mzungu. Waliofanya kazi Kodak wameeleza kwamba msukumo mmoja wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani. Chokoleti ililalamika, ikasikilizwa. Meza ililalamika, ikasikilizwa. Bibi zetu wamebaki kwenye albamu wakiwa meno na kola.

Makosa mengine ya mpiga picha wetu hayahitaji maelezo marefu. Wachuma chai aliwapiga kwa 1/30, mikono yao ikatoka moshi. Wingu zito la alasiri lilikula hatua tatu za mwanga kabla hajageuza gurudumu. Betri ilikufa.

Kwa hiyo wenye sherehe, mkimwona mpiga picha amesogeza kamera hadi karibu na shavu la bibi harusi, hana utovu wa adabu. Anapima mwanga usoni badala ya kwenye gauni. Mpeni dakika moja. Na kabla hamjamlipa kianzio, mwambieni awaonyeshe picha ya kwanza kivulini.