Samaki wa Sebuleni

Chundwa bahari ipo, samaki wapo, na harufu yao ipo, ya bure. Lakini kuna bwana mmoja kaona haimtoshi. Kaagiza tangi la kioo kutoka Mombasa, kalijaza maji matamu ya jabia, yale ambayo wenzake kisiwani Pate huyabana mpaka mvua ijayo. Sasa mgeni hapigi hodi. Akifika barazani tu, hukumbuka ana safari ya Kizingitini.

Visamaki vyenyewe urefu wa kidole, chakula chao wali wa nazi, utadhani maulidi. Punje zinazama kwenye changarawe, zinaoza, tui linatanda juu. Na mwenye mali? Anachoma udi! Bwanangu, toa hayo masalio, badilisha robo ya maji, usiyamwage yote, wala usisugue chujio na changarawe zote kwa pamoja, maana vijidudu visafishavyo tangi hukaa humo humo. Kisha walishe kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili.

Wazee wa Lamu walifuga samaki ndani ya birika la chooni, wale viluwiluwi vya mbu. Chini waliweka bakuli la kaure, maji yakipungua wapate pa kukaa. Wali hawakupikiwa.