Shahidi wa Kiti cha Nyuma

Shangazi yangu amenichongea kwa trafiki, ndani ya gari langu, kwa mafuta yangu, huku mkononi ameshika hindi la kuchoma nililomnunulia mimi. Ilikuwa Jumamosi iliyopita na masikio bado yananiwaka.

Tulikuwa tunatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro kwenye kikao cha mahari. Kwenye dashibodi nilikuwa nimebandika kifaa kipya cha GPS, cha aina ile inayoonyesha njia, mwendo wa gari na, ndani ya duara jekundu, mwendo unaoruhusiwa. Ukizidisha, kinalia ti-ti-ti mpaka upunguze.

Kililia Ubungo, pale penye barabara za ngazi tatu, kwa kudhani niko ngazi nyingine. Kililia Kibamba, kikiamini nimeingia kijia cha pembeni chenye kikomo cha 30. Kililia tena Mlandizi, sababu kinaijua chenyewe.

"Baba, huyo anayekugombeza ni nani?" Shangazi akauliza.

"Ni mashine, Shangazi. Inakosea."

"Inakosea tangu Ubungo?"

"Tangu Ubungo."

"Haya," akasema, akarudi kwenye hindi lake. Ningejua uzito wa ile "haya" ningemshusha Chalinze akapande basi.

Baada ya Chalinze kifaa kikatulia. Duara likasoma 80, mimi nina 71, roho nyeupe. Ghafla chini ya mwarobaini ikachomoza sare, nayo nyeupe, na mkono umenyooshwa.

"Dereva, hapa kijijini ni 50. Wewe una 71." Akanionyesha tochi ya kupimia mwendo. Namba ilikuwa kweli 71.

Nikamgeuzia kifaa. "Afande, hebu tazama mwenyewe. Satelaiti inasema 80."

Afande akatazama kifaa, akatazama mawingu, kisha akamwita mwenzake: "Njoo umwone huyu, ana kibali kutoka angani!" Akainama dirishani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wala usihangaike naye. Hicho kidude kimemlilia tangu Ubungo. Kinalia, yeye anasema kinakosea. Kinalia, anasema kinakosea. Mimi nimenyamaza tu, gari si langu."

Ningejibu nini? Kila neno lilikuwa kweli. Hakudanganya hata nukta, na hapo ndipo uonevu ulipokuwa. Kifaa kilipiga kelele kila mahali nilipokuwa sina kosa, kikanyamaza mahali pekee palipokuwa na faini, halafu zile kelele za bure ndizo zikageuka ushahidi. Wale maafande wawili walimshukuru Shangazi kama mtumishi mwenzao. Tulipofika Morogoro alikisimulia kisa chote kabla ya barua ya mahari kufunguliwa, na mshenga akataka arudie pale pa kibali.

Hasira zikanituma kuchunguza kidude hiki kinafanyaje kazi, na naapa ni ajabu tupu. Juu yetu, kiasi cha kilomita 20,200, zinazunguka satelaiti zaidi ya 24 za GPS, kila moja ikiizunguka dunia karibu mara mbili kwa siku. Hazikuoni. Hazijui kama una gari au punda. Kazi yao ni kutangaza mambo mawili bila kuchoka: niko hapa, na saa hizi ni saa fulani. Kifaa chako husikiliza angalau nne kwa pamoja na kupima kila tangazo limechelewa kiasi gani. Mawimbi yale husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kutokana na kuchelewa unapata umbali, na kutokana na umbali wa satelaiti nne unapata mahali ulipo. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, hesabu inapotea mita 300. Umeshatoka lami, uko kwenye mihogo ya watu. Ndiyo maana kila satelaiti imebeba saa ya atomu. Na saa hizo nazo, kwa kuwa huko juu mvutano wa dunia ni hafifu, hutangulia za kwetu kwa mikrosekunde kama 38 kila siku, hata ukishatoa zile zinazopotea kwa sababu ya kasi ya satelaiti. Zisingerekebishwa, kwa siku moja kosa lingepita kilomita 10. Hesabu za Einstein mzima zimetumika ili mimi nijulikane kuwa niko jirani na kibanda cha mkaa.

Hata mwendo kinaupima vizuri kuliko spidomita, ambayo kwa kanuni za kimataifa hairuhusiwi kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, basi watengenezaji huitia chumvi kidogo.

Sasa ile 80 ilitoka wapi? Si angani. Satelaiti hazijui kijiji chochote wala kibao chochote. Ramani ya kwenye kifaa ni mistari, na kila mstari una nafasi ya kuandikia mwendo. Mtu akiijaza, unapata alichoandika. Ikiachwa wazi, vifaa vingi hukisia kwa kutazama aina ya barabara. Kwenye ramani ya OpenStreetMap, iliyoanza 2004, nafasi hizo hujazwa na watu wanaojitolea. Dar es Salaam, kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walichora mpaka mitaro ya mitaa inayofurika. Kwangu mimi, saa ya atomu ilifanya kazi bila dosari, kisha ikakabidhi hesabu kwa mkisiaji.



 

Lakini kuna jambo silicheki. Ile 50 ya vijijini ninaiunga mkono: gari lenye mwendo wa 80 lina nguvu ya kugonga zaidi ya mara mbili na nusu ya lenye 50, na watoto wa shule wanavuka pale. Ila vibao vinang'olewa vikauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, vinabaki vishimo, na tochi inasimama palepale kana kwamba kibao kipo. Aliyeking'oa hayupo. Aliyepaswa kukirudisha hayupo. Aliyekisia 80 hata hajui kama kijiji kile kipo duniani. Anayepatikana ni dereva, kwa sababu yeye ana namba za gari. Na mtoto anayevuka anategemea dereva ajue jambo ambalo hakuna aliyemwandikia.

Wenye dhamana ya barabara, rudisheni vibao, cha kuanzia 50 na cha kumalizia, kabla ya kununua tochi nyingine. Nawe msomaji, ukiona nyumba zimeanza kukaribiana, shuka hadi 50 hata kama mashine imenyamaza. Mashine haipewi namba ya malipo. Mimi nimepewa, na nimelipa Sh 30,000.