Mafuriko Kwenye Mifereji Mikavu

Mama mkwe wangu anaishi Githunguri, upande wa bwawa la Ruiru. Bwawa hilo lilijengwa enzi za mkoloni ili Nairobi inywe, na hadi leo maji yake huteremka kwa bomba hadi Kabete, yakasafishwa, yakaingia jijini. Alipokuja kututembelea Ruaka, mifereji yetu ilikuwa mikavu kabisa. Kaunti ni ileile ya Kiambu.

Alipanda ngazi hadi orofa ya nne na kiondo chake cha nduma na maziwa, akaomba maji ya kunawa. Nikammiminia kwa kikombe. Akatazama mitungi ya manjano iliyopangwa kutoka mlangoni hadi jikoni, ya kupikia kando, ya choo kando. "Mwanangu, nyinyi mnauza maji?"

Nikamweleza kwamba maji ya bomba huja kwa zamu. Yasipokuja tunategemea kisima cha ploti, na stima ikipotea pampu inalala. Hapo wapangaji huchangishana kuita lori la maji, au kila mtu humwita mwenye mkokoteni, ambaye hupandisha bei kila orofa anayopanda. Simlaumu, ngazi zile nazijua.

Usiku wa manane maji yakarudi. Mpangaji wa orofa ya tano alikuwa amesafiri, akaacha mfereji wa jikoni wazi, kama inavyotokea mtu akiufungua na usitoe kitu. Sinki lake lilikuwa limejaa vyombo. Kwetu, rangi ya dari ya sebuleni ilivimba kama andazi, ikapasuka, na maji yakafuata waya hadi kwenye balbu, yakachirizika juu ya kochi. Mume wangu alikimbilia swichi kuu. Mama mkwe tayari alikuwa gizani akipanga sufuria, kila tone na chombo chake, huku akiwaamuru watoto wapande kitandani wasikanyage maji.

Mlango wa juu ulikuwa na kufuli na ufunguo uko safarini. Msimamizi wa ploti akafunga koki kuu ya tangi, ambayo ndiyo koki pekee, na jengo zima likakauka tena. Kulipokucha, tangi la juu halikuwa na kitu. Zamu yote ya maji ya wapangaji ilikuwa imemwagika nyumbani kwetu. Majirani walikuja na ndoo kuyachota sakafuni ili wapate ya choo, na mama mkwe akawagawia kwa kipimo, akianza na wenye watoto wachanga.

Kukosa maji katika kaunti inayoinywesha Nairobi kunaniuma. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,417,735 katika Kiambu, kaunti ya pili baada ya Nairobi. Wengi wetu tuko huku kwa sababu kazi ziko ng'ambo ya mpaka, na kila asubuhi Barabara ya Limuru inatubeba kwenda mjini. Siinyimi Nairobi maji. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka Ndakaini, Murang'a, na chemchemi za Kikuyu pia zimeinywesha kwa miongo mingi. Lakini mashamba ya Ruaka yaligeuka magorofa upesi kuliko mabomba yalivyotandazwa, na anayeidhinisha ramani ya orofa ya sita angeuliza kwanza watu hao watakunywa nini.

Mwenye ploti alipofika tulikutana naye ngazini, wapangaji wote, na mama mkwe katikati yetu. Tulidai koki kwa kila orofa, na ufunguo wa akiba wa kila nyumba uwekwe kwa msimamizi. Akakubali. Tulipotaja tangi la pili akasema kwanza kodi ipande. Tumekataa, na barua yenye sahihi zetu iko tayari kupelekwa ofisi ya maji.