Namna ya Kumkumbuka Kocha Eddie Robinson Bila Kumpunja

Anza alfajiri. Tafuta kengele ya ng'ombe, ile yenye mlio wa kukera, uitikise asubuhi na mapema mpaka nyumba nzima iamke. Hivyo ndivyo Eddie Robinson alivyowaamsha wachezaji wake katika mabweni ya chuo cha Grambling, kaskazini mwa Louisiana. Hakuwa anawaita mazoezini. Alitaka wawahi darasani. Jirani akija kugomba, mpe kiti na chai, umweleze kwamba kocha huyu alidai shahada kwanza na mpira baadaye. Akishapoa, endelea, maana habari yenyewe ni ndefu.

Usianze na namba. Washabiki wengi hukimbilia 408, idadi ya mechi za futiboli ya Kimarekani alizoshinda kati ya 1941 na 1997. Namba hiyo ni kubwa na inastahili kutajwa, lakini ukiitanguliza utakuwa umemsifu mtu kwa mavuno bila kuona jembe lake. Anza na kiwanda cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge, ambako kijana huyu aliyekwisha kupata shahada yake alikuwa akilipwa senti 25 kwa saa. Zilikuwa zama za sheria za ubaguzi, na vyuo vikubwa vya Kusini visingemfikiria mtu mweusi kwa kazi ya ukocha. Grambling, chuo kidogo cha weusi, kilimwajiri akiwa na miaka 22, kwa mshahara wa dola 63.75 kwa mwezi.

Msaidizi wa kulipwa hakuwa naye. Alikata majani ya uwanja, akachora mistari, akafunga bandeji vifundo vya wachezaji, na mechi ikiisha akaandika habari zake na kuzipeleka magazetini. Kwa hiyo siku yake ya kuzaliwa, 13 Februari, ikifika, msikodi ukumbi wala kuchapisha fulana. Chukueni fyekeo na chokaa mwende kwenye uwanja wa shule iliyo karibu, mfanye kazi mpaka jasho liwatoke. Atakayesema mgongo unamuuma aambiwe kwamba mwenzake alifanya hivyo na bado jioni alikuwa na timu ya kufundisha.

Msimu wa kwanza alishinda mechi 3, akapoteza 5. Msimu wa pili, 1942, alishinda zote 9, na katika mechi hizo hakuna timu iliyopata hata pointi moja dhidi yake. Sentensi hiyo isome mara mbili, kwa sauti.

Ukialika watu, waandalie mikate iliyofungwa kwenye karatasi. Vijana wa Grambling waliposafiri, migahawa mingi ya njiani haikuwahudumia weusi, basi chakula kilitayarishwa kabla ya kuondoka. Wakiwa wanatafuna, wasimulie kisa ambacho washabiki hawachoki kukirudia: baba mmoja aliwazuia wanawe wawili kucheza kwa sababu pamba ilikuwa haijachumwa, na kocha, badala ya kubembeleza, akaipeleka timu nzima shambani kuichuma. Pamba ikaisha, vijana wakacheza.

Baada ya hapo taja majina, na uyataje bila haraka. Tank Younger, aliyesajiliwa na Los Angeles Rams 1949, wa kwanza kutoka chuo cha weusi kuingia NFL, ligi kuu ya kulipwa. Buck Buchanan, mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa na timu za ligi pinzani ya AFL 1963. Willie Davis, Willie Brown, Charlie Joiner. Zaidi ya wachezaji 200 wake walifika kwenye mpira wa kulipwa. Kwa Doug Williams simama kabisa. Alikuwa kotabeki, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, nafasi ambayo kwa miaka mingi mtu mweusi aliambiwa hana akili ya kuicheza. Januari 1988 aliiongoza Washington kuifunga Denver 42 kwa 10 kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, akirusha pasi nne za kufunga katika robo ya pili peke yake. Miaka kumi baadaye alirudi Grambling kukalia kiti cha mwalimu wake.

Sasa unaweza kurudi kwenye namba na kubishana. Mshabiki wa chuo cha Alabama atakuambia kocha wao Bear Bryant, aliyeshinda mechi 323, alikutana na timu ngumu zaidi. Mjibu kwa heshima: Oktoba 1985, mjini Dallas, Robinson alifikisha 324, na hizo timu ngumu ndizo zilizokataa kucheza na Grambling. Alabama yenyewe ilichezesha weusi kwenye kikosi chake kikuu kwa mara ya kwanza 1971, Robinson akiwa tayari na miaka thelathini kazini.

Wala usiifiche misimu mitatu ya mwisho, ambayo alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Wapo waliotaka aondolewe 1996, na alipewa mwaka mmoja wa kuaga. Mimi naona aibu ile ilikuwa yao. Mzee wa miaka 78 aliendelea kwenda mazoezini na timu inayofungwa, na huo nao ni ualimu. Alipofariki Aprili 2007, mwili wake uliwekwa kwenye jengo la bunge la jimbo, Baton Rouge, mji uleule wa senti 25 kwa saa.

Ukipata nauli, nenda New Orleans mwishoni mwa Novemba, Grambling inapocheza na chuo cha Southern katika mechi ya Bayou Classic. Vaa nyeusi na dhahabu. Wakati wa mapumziko usiende kununua chakula, kwa sababu bendi ya Grambling ni mojawapo ya zilizopiga kwenye Super Bowl ya kwanza, 1967, na watu husafiri kuja kuiona hiyo tu. Mzee akikaa kando yako amevaa kofia ya Grambling, muulize mara ya kwanza alimwona kocha lini. Halafu nyamaza umsikilize, hata kama Southern wanakaribia kufunga.