Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: bakapu yenu ni sisi

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: ANKARA YA HUDUMA YA KUITUNZIA OFISI YAKO NYARAKA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Awali ya yote nakupongeza kwa tangazo lililobandikwa mlangoni kwako, lile lenye mihuri miwili, linalotutaka wenye viwanja tulete barua za toleo, ramani na risiti za kodi ya ardhi "kutokana na hitilafu ya kimtandao". Ni tangazo lililokomaa. Halisemi kimefutwa nini, halisemi nani kafuta, na linaomba radhi kwa usumbufu "utakaojitokeza", kana kwamba ile foleni iliyofika hadi kwa muuza vocha haijaonekana kutoka dirishani kwako.

Dirisha la chini halina siri kama la juu. Mhudumu wako alinisimulia yote huku akinitafutia fomu. Diski zilijaa. Likatoka agizo kwamba nafasi ipatikane kabla wakaguzi hawajaja. Kijana wa TEHAMA akafuta folda aliyodhani ni ya majaribio, kumbe ndimo yalimokuwa mafaili yetu yote yaliyoskaniwa.

Mimi riziki yangu ni kufufua diski za watu, kwa hiyo niruhusu nikupe habari njema: hadi dakika ile, mafaili karibu yote yalikuwa bado yanaokoleka. Faili likifutwa kwenye diski za kuzunguka kama zenu, kwa kawaida kinachoondoka ni anwani yake. Vilivyomo hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana fundi yeyote atakwambia jambo la kwanza ni kuacha. Chomoa waya wa mtandao, mfumo usiandike hata herufi moja, kila diski ipewe namba ya tundu lake, kisha inakiliwe sekta kwa sekta, na kazi ifanyike kwenye nakala.

Ofisi yako haikuacha. Iliwajibika, na kwa kasi ambayo sisi wa kwenye foleni hatujawahi kuionja. Kwanza mkazima na kuwasha. Kisha mkapakua programu ya kurejesha mafaili, mkaisimika kwenye diski zilezile, na kila ilichokiokoa mkakihifadhi humohumo, juu ya vile ambavyo vilikuwa bado havijaokolewa. Halafu akaja muuzaji wa kabati la diski. Akazichomoa zote, akazipangusa vumbi (mhudumu wako alilisifu sana hili la vumbi), akazirudisha bila kuangalia ipi ilitoka wapi. Kabati likachanganyikiwa, likauliza kama lianze upya na kufuta kila kitu. Mtu akabonyeza ndiyo. Simlaumu, liliuliza kwa adabu.

Sasa taa zote zinawaka kijani. Kabati ni zima kabisa, limekosa vitu vya ndani tu.

Kwenye mkutano na wananchi ulitutuliza kwamba data haiwezi kupotea kwa kuwa mna RAID, ule mpango wa kuzifanya diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Ndugu Mkurugenzi, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walioandika kuhusu RAID mwaka 1988 walikuwa wanahangaika na diski zinazokufa. Moja ikifa, nyingine zinabeba mzigo. Amri ya kufuta si ugonjwa wa diski, ni agizo halali, na RAID ni mtumishi mtiifu kuliko wote ulionao: inalitekeleza agizo kwenye diski zote kwa wakati mmoja. Ukinyoa nywele, kioo hakikuhifadhii za jana.

Usijione mpweke. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, alifuta saraka kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Alishtuka baada ya sekunde moja mbili, lakini katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia bakapu. Ya kila siku ilikuwa haifanyiki, kwa kuwa toleo la programu ya kunakili halikuoana na la hifadhidata, na baruapepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni snapshoti, yaani picha ya data jinsi ilivyokuwa, ambayo mtu aliipiga saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Wakaeleza yote hadharani, na kazi ya kurejesha wakairusha mubashara YouTube. Mhandisi hakutajwa jina. Kilichotajwa ni kwamba hapakuwa na mtu mwenye jukumu la kuzijaribu bakapu. Na Desemba ya 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza terabaiti 77 za tafiti kwa hati ya amri iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu kuukuu za mfumo. Waliouuza mfumo huo, HPE, waliandika kwamba kosa ni lao kwa asilimia 100.

Kwako amesimamishwa kijana. Muuzaji ameitwa tena, nasikia alete kabati kubwa zaidi.

Ndipo nakuja kwenye ankara. Mafundi tuna kanuni: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Wananchi wako tunaitimiza bila semina wala posho. Barua ya toleo halisi iko kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Kivuli chenye muhuri kiko kwa wakili. Picha yake iko kwenye simu ya shemeji yangu Singida, aliyetumiwa kwa WhatsApp siku kiwanja kilipoanza kuwa na maneno. Na bakapu yetu imejaribiwa, maana kila tukija dirishani mnatuambia faili halionekani, tunarejesha wenyewe kutoka kwenye mfuko.

Naomba basi ada ya hifadhi ianze kulipwa kuanzia tarehe ya risiti yangu ya kwanza, ambayo ninayo na nyinyi hamna. Godoro nitalihudumia kwa gharama zangu.

Hiki ulichopokea ni kivuli. Barua halisi nimebaki nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye kiwanja, faili halionekani