Jopo la Mabingwa wa Mwaloni

"Jamani, tumbo limejaa, nachoka bila kazi, na leo chooni nimeona damu. Itakuwa nini?" Andika hivyo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa pale Mwaloni, Kirumba, na jopo la mabingwa litakuwa limekaa kabla hujaweka simu mfukoni. Fundi pikipiki anasema taifodi. Mama wa genge anasema vidonda vya tumbo, chemsha mlonge. Mwingine, ambaye hajawahi hata kukuona, ana hakika ni jirani yako. Na yule asiyekosekana: "Njoo inboksi." Ana dawa ya majani, bei maelewano, inatibu na nguvu za kiume ukipenda.

Swali la unaoga wapi halimjii yeyote. Kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe, kichocho cha tumbo ni mwenyeji kuliko wengi wetu. Vimelea hutoka kwa konokono majini, hupenya ngozi bila hodi, na mayai yake huonekana choo kikipimwa kwa hadubini. Dawa yake, prazikwanteli, wanapewa hata watoto shuleni. Daktari Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho kule Kairo mwaka 1851, tena bila bando.

Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wako hapa hapa Mwanza, jirani na hospitali ya Bugando, na kichocho wanakijua. Tatizo lao wanataka kinyesi kwenye kikopo. Jopo letu linaridhika na emoji.

Mgonjwa ameshawashukuru wote. Anaanza na mlonge, na jioni anashuka ziwani kuoga, apunguze uchovu.