Maili Tano za Chuma, Akili Haba

Februari 1988, Rob Grant na Doug Naylor waliwaletea watazamaji wa BBC2 chombo cha anga chekundu chenye urefu wa maili tano, mali ya kampuni ya kuchimba madini. Chombo chenyewe, kama tamthilia yenyewe, kiliitwa Red Dwarf. Na wataalamu wake? Lister na Rimmer, mafundi wa ngazi ya chini, ambao ufundi wao mkubwa ulikuwa kuzibua mashine za supu ya kuku.

Rimmer akatengeneza bamba moja ovyo, mionzi ikavuja, wenzake wakateketea. Lister alinusurika kwa kuwa alikuwa amegandishwa kama adhabu ya kuingiza paka kinyemela. Kompyuta Holly, ajigambaye kwa IQ ya 6,000, alimwamsha baada ya miaka milioni 3.

Hesabu ya wafanyakazi wa chombo nayo ina mambo yake. Awali walitajwa 169. Misimu ya baadaye wakawa 1,169. Maiti elfu moja zikaongezeka, matanga hayajawekwa.

Kilele kilikuja msimu wa sita, 1993: chombo kizima kimeibwa, na Lister hakumbuki alikiegesha kando ya sayari gani! Ikabaki kazi ya kukisaka kwa Starbug, kijichombo cha kijani. Msimu wa saba, 1997, wezi wakabainika kuwa viroboti visivyoonekana kwa macho. Maficho yao ni kapu la nguo chafu za Lister, humohumo ndani ya Starbug.